Nkambo Alitumika Shinkolobwe

Kila tarehe 6 Agosti picha ni zile zile. Taa za karatasi zinaelea juu ya mto Motoyasu, nyuma yake lile jengo lililobaki mifupa, na sisi huku tunaziweka kwenye status na maneno ya amani. Sizibezi. Kufikia mwisho wa 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wanastahili kila taa. Shida yangu ni mahali hadithi inapoanzia. Inaanza na ndege, asubuhi, angani. Nilitazama Oppenheimer ilipotoka 2023, saa tatu nzima kitini. Nikaona wanasayansi, wanajeshi, wanasiasa, hata wake zao wakilia. Mchimba madini wa Katanga? Wapi.

Habari za Katanga nilizipata kwa kinyozi. Anatoka Likasi, kusini mwa Kongo, na sisi wateja wake wa Kasarani tunamwita Papa, vile Wakongo huwaita wazee wao. Agosti moja TV ya ukutani ilikuwa ikionyesha kumbukumbu za Japani. Papa akazima mashine, kichwa changu kikiwa nusu.

"Ile majiwe ilitokea kwetu," akasema. "Nkambo yangu alitumika ku Shinkolobwe."

Nkambo ni babu. Na kutumika, katika Kiswahili cha Likasi na Lubumbashi, ni kufanya kazi tu, hakuna ubaya. Sisi wa huku tunasikia neno lingine kabisa. Siku hiyo niliyasikia yote mawili.

Shinkolobwe ni mgodi ulio karibu na Likasi. Madini yaligunduliwa hapo 1915, na kwa miaka mingi Wabelgiji wa kampuni ya Union Minière walitafuta radiamu ya hospitali. Urani yenyewe haikuwa na soko la maana. Lakini ilikuwa urani ya ajabu. Kwingineko duniani jiwe likiwa na asilimia moja watu wanashangilia. Ya Shinkolobwe, mawe mengine yalifika 65. Vita vilipopamba moto, mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 hadi New York, zikakaa ghalani Staten Island mpaka jeshi la Marekani lilipokuja kuzinunua 1942. Kisha mgodi ukafunguliwa upya, watu wakachimba mchana na usiku. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka huko. Nani aliwaambia wachimbaji mzigo unaenda wapi? Hiyo ilikuwa siri ya kijeshi, na siri ya kijeshi haishuki hadi kwa mbeba gunia.

Babu yake Papa alikufa kabla Papa hajazaliwa. Alikohoa miaka miwili. Inaweza kuwa ni mionzi, inaweza kuwa vumbi, inaweza kuwa tumbaku, Papa mwenyewe ndiye anayesema hivyo akinyoa. Hakupimwa na mtu. Kadi yake ya kazi ilipotea familia ilipohama. Kwa hiyo kuna mzee aliyefanya kazi katika mgodi uliobadilisha dunia, na hakuna karatasi hata moja inayosema alikuwepo.

Mimi sasa nikisikia "harakati za amani" nafikiria karatasi, kuliko mabango. Walionusurika Hiroshima na Nagasaki waliunda chama chao, Nihon Hidankyo, mwaka 1956. Mwaka uliofuata Japani ikapitisha sheria ya kuwapa kijitabu: ukiwa nacho, unapimwa na kutibiwa. Wakorea waliokuwa Hiroshima siku ile waliachwa nje, na mmoja wao alipigania kijitabu chake mahakamani hadi akashinda katika Mahakama ya Juu 1978. Hidankyo walipopewa Nobel 2024, wengi wetu tuliona wazee wa Kijapani wakitoa machozi kwenye runinga. Nyuma ya hayo machozi kulikuwa na miaka 68 ya kufuatilia ofisi.

Na hata wachimbaji wamewahi kufaulu. Kusini magharibi mwa Marekani, Wanavajo walichimba urani ya silaha za serikali yao. Waume wakaanza kufa kwa saratani ya mapafu. Wajane wakaanza kuulizana, wako alikufa na nini, na wako je? Hesabu zile za sebuleni zilifika kwa mawakili, zikafika Bunge, na 1990 sheria ya fidia ikapita. Pesa zilichelewa na fomu zilikuwa mateso, lakini ilianza na wanawake kuhesabu.

Shinkolobwe hakuna kitu kama hicho. Upo mkataba mzuri wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, ulioanza kutumika Januari 2021, na Kongo iliuridhia 2022. Nikasoma kifungu cha 6, kile cha kusaidia waathiriwa. Kinataja walioumizwa na matumizi ya silaha na majaribio yake. Waliochimba hawamo. Nilimsomea Papa kwa simu yangu. Akacheka kidogo, akasema hata kwenye kilio hawajatuita.

Kijana mmoja wa Kilifi, aliyekuwa akingoja zamu yake, akaingilia. Kwao ni karibu na Uyombo, mahali serikali ilipotaka kujenga kinu cha nyuklia cha umeme. Najua, kinu si bomu, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini alichosema kilinikaa. Mei 2024 watu wa Uyombo waliandamana wakapigwa na polisi, na swali lao lilikuwa la kawaida sana: taka zitawekwa wapi, na samaki wetu je? Wakaambiwa wanapinga maendeleo. "Tuliulizwa mwishoni," akasema yule kijana, "ramani imeshachorwa." Papa akamwambia, nyinyi mna bahati, angalau mliona ramani.

Cape Town kuna jumuiya ya Wakongo wanaoishi Afrika Kusini ambao huwa wanafanya kumbukumbu ya Hiroshima wakiitaja Shinkolobwe, ili wawili hawa wakumbukwe pamoja. Hawana jengo la ukumbusho. Wana watu, ukumbi wa kuazima na mdomo. Papa alipowasikia, alinunua daftari, lile la mia moja la mistari, akampigia shangazi yake Likasi.

Shangazi ni mtu wa kanisa, anajua familia zote za zamani. Kila Jumapili baada ya misa anawauliza wazee: nani kwenu alitumika ku Shinkolobwe, jina lake kamili, alikufa lini, aliumwa nini? Anatuma sauti WhatsApp, nyuma kuku wanalia, na Papa ananakili kati ya mteja na mteja. Mimi nimepewa kazi ya kuchapa, maana mwandiko wake anausoma yeye pekee. Anataka orodha ifike Cape Town kabla ya Agosti.

Wiki jana majina yalifika kumi na moja. La saba ni jina la utani tu, na shangazi ameambiwa aulize tena Jumapili.