Bunduki za Mitutu Miwili: Asili na Nakala Zake

Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu ilikuwa imeshapata umbo lake kamili kabla ya mwaka 1900. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kampuni ya Westley Richards mjini Birmingham, Uingereza, walisajili mtambo ambao bunduki ikikunjwa ili itiwe katriji, mitutu inaposhuka ndiyo inayokoki nyundo zilizofichwa ndani. Nyundo za nje, zilizokuwa zikivutwa kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, zikaanza kutoweka. Tangu hapo umbo halikubadilika sana. Kilichobadilika ni chuma, baruti na marisau, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama bunduki ya babu itapigwa au itatundikwa ukutani.

Marekani ilikuwa na viwanda vyake vyenye sifa: Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, L.C. Smith wa Fulton, New York, na A.H. Fox wa Philadelphia. Fox moja ilifika Afrika Mashariki. Theodore Roosevelt alipomaliza urais aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit, na kati ya silaha zake ilikuwemo Fox ya geji 12 aliyozawadiwa na mwenye kiwanda. Simba na tembo walikuwa na bunduki zao. Fox ilikuwa ya ndege wa kitoweo. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani kwa dola 862,500, bei ambayo haihusiani hata kidogo na jinsi inavyopiga.

Mitutu ya kale zaidi haikutobolewa katika kipande kimoja cha chuma. Fundi alisokota pamoja vipande vyembamba vya chuma na pua, akavizungushia ufito, akavifua vikiwa vyekundu hadi vikashikana, na uso wa mtutu ukabaki na mistari iliyopishana kama ukili. Mitutu hiyo iliitwa ya Damascus, ingawa mingi ilitoka Liège, Ubelgiji. Ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo husukuma badala ya kupiga teke. Mpigaji anayeitumia leo huona wingu jeupe likimziba macho, hivyo risasi ya pili huipiga kwa kukisia, na jioni hiyo hiyo lazima asafishe mitutu kwa maji ya moto kabla masizi hayajaleta kutu. Baruti isiyo na moshi ilikuja na shinikizo kubwa zaidi. Ndiyo maana fundi mwangalifu hupima kwanza unene wa kuta za mtutu kwa geji maalumu, hasa pale alipowahi kupita mtu na msasa, ndipo aruhusu hata katriji nyepesi zilizoandaliwa kwa bunduki kuukuu.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Urefu unaoandikwa kwenye katriji ni urefu wake baada ya kupigwa, mdomo ukiwa umefunguka. Katriji ya inchi 2¾ ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hivyo, kwa hiyo huingia bila kipingamizi katika chumba cha katriji kilichochongwa kwa inchi 2½, kama vilivyo vyumba vya bunduki nyingi za Kiingereza za zamani. Ikilipuka, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, njia ya marisau hubanwa na shinikizo hupanda. Mwenye bunduki haambiwi chochote na bunduki yake. Pengine huhisi bega linauma kuliko kawaida.

Kitako nacho kina historia yake. Bunduki nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 zina vitako vilivyoshuka sana kuelekea begani, kwa kuwa wapigaji wa wakati ule walisimama wima na kuinua kichwa. Mpigaji wa sasa, aliyezoea kulaza shavu kwenye kitako, akiishika vivyo hivyo hupiga chini ya ndege, na kitako humgonga shavuni. Hapa nakala za kisasa, yaani bunduki mpya zilizoundwa kwa kuiga za kale, hazina mpinzani: vitako vyake vimenyooka zaidi. Lakini bunduki nyepesi ya Kiingereza yenye kilo tatu hivi, iliyosawazishwa na fundi aliyejua kazi yake, hufuata ndege karibu bila kuamrishwa, na hilo nakala za bei ya chini zimeshindwa kuliiga.

Kuanguka kwa viwanda vya asili kulitokana na hesabu za fedha. Kazi ya mkono ilikuwa ghali, mdororo wa uchumi ulikausha wateja, na bunduki za pampu zilipiga risasi nyingi zaidi kwa bei ndogo. Parker iliuzwa kwa Remington mwaka 1934, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika utengenezaji ukakoma. Fox ilikuwa imeshachukuliwa na Savage.

Pengo hilo lilijazwa na wageni. Mafundi wa Eibar, Hispania, hasa wa kampuni ya AyA, walinakili mitambo ya kampuni ya Kiingereza ya Holland & Holland na kuiuzia Uingereza yenyewe. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Olin-Kodensha, Tochigi, Japani, kilitengeneza Parker upya kwa usahihi kiasi kwamba vipuri vyake vingi huweza kuhamishiwa kwenye ile ya Meriden. Mradi ulidumu miaka michache tu, na nakala hizo sasa zinatafutwa na wakusanyaji kama asili. Tangu mwaka 1993 Fox nazo zimetengenezwa tena, mjini New Britain, Connecticut.

Kundi la tatu la nakala limezaliwa na mchezo. Single Action Shooting Society, iliyoanzishwa mwaka 1987, hushindanisha watu waliovaa kama wachunga ng'ombe wa karne ya 19, na bunduki ya mitutu miwili ni sharti iwe ya mtindo wa wakati huo, isiyorusha maganda yenyewe. Colt ya nyundo za nje ya mwaka 1878 ni adimu mno kugongwagongwa mashindanoni, basi zikaja nakala kutoka China, Brazili na Italia. Washindani hung'arisha vyumba vya katriji hadi viteleze. Bunduki ikikunjwa na kuvutwa nyuma kwa kishindo, maganda huanguka yenyewe huku mkono mwingine umeshashika katriji mbili mpya.

Kwa upande wa uwindaji, mwaka 1991 Marekani ilikamilisha katazo la marisau ya madini ya risasi kwa uwindaji wa bata na mabata bukini, kwa sababu ndege waliyameza na kufa kwa sumu. Marisau ya chuma yaliyochukua nafasi yake ni magumu: huweza kukwaruza mitutu laini ya kale na kutanua mdomo wenye choki (mbano wa mwisho wa mtutu) kali. Ilionekana kama mwisho wa bunduki za asili kwenye mabwawa. Yakaja marisau ya bismathi, yenye msongamano wa takriban gramu 9.6 kwa sentimita moja ya ujazo, dhidi ya 11.3 za risasi na 7.8 za chuma, na ni laini ya kutosha kupita bila kuumiza. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo mwenye Parker ya mwaka 1910 hufanya mazoezi kwa nakala na katriji za kawaida, na asili huitoa msimu wa bata ukifunguliwa.