Puto Jekundu na Mupira wa Mutoto



Mimi kapita wenu nataka kuwaambia juu ya kitabu kimoja cha watoto. Musicheke kwanza.

Nilikikuta kwa mujomba wangu Bukavu, nikamusomea mudogo wangu. Kinaitwa Le Ballon rouge, maana yake Puto Jekundu. Mufaransa Albert Lamorisse alikitoa mwaka 1956 kwa picha za filamu yake ya mwaka ule ule, na mutoto wake mwenyewe, Pascal, ndiye tunaona ndani. Pascal anakuta puto limefungwa kwenye taa ya barabara huko Paris. Ni kitu cha kawaida, hewa na kamba tu. Lakini linaanza kumufuata kama rafiki, mpaka masomoni. Mukubwa wa masomo anakasirika, anamufungia Pascal. Nyuma, vijana wengine wanalipiga puto mpaka linakufa.

Hapo mudogo wangu akaniuliza: « Yaya, bale batoto bako babaya sababu gani? »

Sikumujibu. Nilimukumbuka mutoto mumoja wa darasa la saba. Alikuwa na mupira wa maganda ya migomba, aliufunga yeye mwenyewe. Siku moja aliingia nao darasani, akauweka pembeni yake kwenye banki, nikamusikia akiuambia polepole: « Ngojea, tutatoka. » Sheria inakataza mipira darasani. Nilimunyang'anya, nikaenda kuutupa chooni. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Yeye hakulia. Alinyamaza tu, na siku zile zote hakunisalimia tena.

Sheria ni sheria. Lakini ningeweza kuuweka mahali mpaka saa ya kutoka.

Katika kitabu, maputo yote ya Paris yanakuja kumubeba Pascal juu. Hapa Miti hakuna puto lililokuja. Basi nikaokota maganda makavu katika migomba ya mama, nikafunga mupira, nikamupelekea na kumuomba musamaha. Akaupokea, akaugeuza-geuza, akasema: « Kapita, huu haukufungwa muzuri. » Akaufungua palepale, akanionyesha namna ya kukaza kamba.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunaenda Egzeta, kisha tunatoka. Ninyi mutakaobaki na kazi hii, chungeni sheria. Lakini kitu cha mutoto mukirudishe saa ya kutoka.

Ni mimi, kapita wenu.