Pawtucket: Mji uliohamwa na timu yake

Mto Blackstone unaanzia Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, na kuteremka hadi Pawtucket, Rhode Island. Timu ya besiboli ya Pawtucket Red Sox, ambayo mashabiki waliiita PawSox, ilisafiri kinyume cha mkondo huo: ilitoka Pawtucket ikapanda Worcester, umbali wa kilomita 65 hivi.

Pawtucket ni mji wa wafanyakazi. Kiwanda cha Slater, kilichojengwa mwaka 1793, kilifungua njia ya kusokota pamba kwa nguvu za maji nchini humo. Viwanda vilipofungwa, Uwanja wa McCoy, uliofunguliwa 1942, ulibaki kuwa mahali ambapo wazazi wa kipato kidogo waliweza kuwapeleka watoto jioni bila kuvunja kibubu.

Kwa kuwa viti vilikuwa juu ya benchi la wachezaji, watoto walikata madumu ya maziwa, wakatia mpira na kalamu, kisha wakayashusha kwa kamba. Mpira ulipandishwa ukiwa na saini ya kijana ambaye pengine kesho yake angeitwa ligi kuu.

Usiku wa kuamkia Pasaka ya 1981, Pawtucket walikutana na Rochester. Mechi ya kawaida ina vipindi 9. Hii ilifika 33, na hakuna mechi ya kulipwa iliyowahi kuwa ndefu kuliko hiyo. Ilisimamishwa saa 10:07 alfajiri, mashabiki 19 tu wakiwa wamebaki kwenye baridi. Ilimaliziwa Juni 23, wenyeji wakashinda 3-2.

Uwanja ukazeeka. Wamiliki walitaka mpya, na mabishano yakawa ni nani alipe. Mwaka 2018 walikubaliana na Worcester. Korona ikafuta msimu wa 2020, hivyo hapakuwa na mechi ya kuagana. Badala yake zikapangwa meza uwanjani, familia zikala chakula juu ya nyasi za wachezaji. Mwaka 2021 timu ikaanza upya Polar Park kwa jina la WooSox.

Mzazi wa Pawtucket anayetaka kumwonyesha mwanawe timu ile sasa hupanga safari, hutia mafuta na kurudi usiku. McCoy yenyewe ilibomolewa kupisha shule ya sekondari. Watoto wataendelea kwenda pale, ila asubuhi, na mabegi mgongoni.