Rada ni Gani?

Nairobi mtu akikuuliza "rada ni gani?" unamwambia mpango wa jioni, basi. Januari hii, shambani kwetu nje ya Kitale, rada ilikuwa mashine ya ukweli, na mwenye swali alikuwa bibi yangu, Kukhu.

Anko alikuwa tayari kujenga nyumba za kupangisha. Mkopo umepita, ramani imechorwa, shimo la choo limewekwa pembeni, kwenye mahindi. Kukhu akasema, "Hapo kuna mtoto wangu."

Kukhu aliletwa hapa kutoka Bungoma akiwa bibi arusi. Wakati huo Trans Nzoia ilikuwa nchi ya walowezi, na wao walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu. Kifungua mimba wake alikufa kabla hajajua kutembea. Walimzika jioni chini ya mti, asubuhi wakarudi kazini. Baada ya uhuru shamba likagawanywa, Kuka akanunua ekari zake, mti ukakatwa. Kwetu Wabukusu mtu huzikwa nyumbani. Huyu alizikwa ugenini. Ugenini pakawa nyumbani, kaburi likapotea.

Jamaa mmoja aliyekuwa akitafuta mabomba kwenye ujenzi wa jirani akakubali kutupimia. Mashine yake ilikuwa kama kigari cha mtoto. Inatuma mawimbi ya redio ardhini, kisha inapokea yanayorudi. Yakikuta jiwe, bomba au udongo uliowahi kuchimbwa, yanarudi tofauti. Alituambia mapema: haionyeshi mifupa, na udongo wa mfinyanzi ukilowa humeza mawimbi. Bahati yetu ilikuwa kiangazi.

Alisukuma akienda na kurudi, mstari kwa mstari. Karibu na alama ya choo, mistari ya kwenye skrini ikakatika, sehemu fupi, haifiki mita moja.

"Si inaweza kuwa kisiki?" Anko akauliza.

"Inaweza."

Tukanyamaza. Mashine ilikuwa imesema yote iliyojua. Kukhu akaja na fimbo yake, akahesabu hatua kutoka kwenye mtaro wa zamani, akasimama hatua tatu hivi kutoka kwenye ile alama.

Anko akaita vijana walete jembe, tujue moja. Kukhu akamshika mkono.

"Sikusema mumfukue. Nilisema msimjengee choo."

Choo kikahamishwa, chumba kimoja kikatoka kwenye ramani. Anko bado anakitaja kila mwisho wa mwezi. Hatujui kama ni mtoto au kisiki. Kukhu amepanda maua pale, na sasa hupita akisalimia.

Nikienda Bungoma, matatu ikifika Webuye huwa natazama kilima cha Chetambe. Mwaka wa 1895 majeshi ya Waingereza yaliwaua Wabukusu wengi kwenye ngome pale. Zamani nilikuwa naona kilima tu. Siku hizi najiuliza nani bado anakumbuka hatua ngapi, kutoka wapi.