Farasi wa Ufukweni

Msomaji wangu, nataka kukusimulia habari za farasi, lakini sharti nianze na mguu wangu mwenyewe. Nilizaliwa Mombasa, na mguu wangu wa kushoto ni mfupi kidogo kuliko wa kulia. Kwa hiyo hutembea kwa kuchechemea. Shuleni, siku ya michezo, kazi yangu ilikuwa kushika utepe mwisho wa mbio. Kazi ile haikuniumiza. Lililoniumiza lilikuwa jambo jingine, nami nalikiri kwako kwa haya: nilijifunza kuufanya mguu ule udhuru wa kila kitu. Nilipotakiwa kuimba, nilisema mguu unauma. Nilipoitwa kwenye mashindano ya insha, nilisema safari itanichosha. Kilema kilikuwa cha mguu tu. Mimi nilikipa nafsi yangu nzima.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma maisha ya Red Rum. Farasi huyu alizaliwa Ireland mwaka 1965. Alitokana na ukoo wa farasi wa mbio, na ilidhaniwa kwamba atafaa kwa mbio fupi za kasi. Alishindana tangu alipokuwa na umri wa miaka miwili, akapita katika mikono ya watu wengi. Kumbe ndani ya ukwato wake mlikuwa na ugonjwa wa mfupa, ugonjwa ambao aghalabu hukomesha kazi ya farasi wa mashindano.

Mwaka 1972 alinunuliwa kwa gini 6,000 na Ginger McCain, kwa niaba ya mzee mmoja tajiri aliyeitwa Noel le Mare. McCain alikuwa dereva wa teksi na mwuzaji wa magari katika mji wa Southport, Uingereza, na mzee yule alikuwa abiria wake. Wafunzi wakubwa wa farasi walikuwa na viwanja vipana vya majani. McCain alikuwa na zizi nyuma ya duka lake la magari. Hakuwa na uwanja wowote ila ufuko wa bahari, ambao ni mali ya kila mtu.

Siku za kwanza alipotolewa kwenda mazoezini ufukweni, farasi alionekana anachechemea. Fikiri, msomaji, moyo wa mtu aliyekwisha kutumia fedha za mwenziwe kununua mnyama kiwete! McCain akaamuru aingizwe baharini. Farasi akatembea katika maji ya chumvi yenye baridi, na alipotoka, alikuwa akienda sawasawa. Tangu siku ile mchanga ulikuwa uwanja wake na bahari ilikuwa tabibu wake. Maji baridi hutuliza uvimbe, na mchanga mnyevu haupigi kwato kama ardhi ngumu.

Sasa nikueleze mashindano yenyewe. Grand National hukimbiwa Aintree, karibu na Liverpool. Ilikuwa mbio ya zaidi ya maili 4, yenye viunzi 30 vya kurukwa, na farasi wengi walianguka kabla ya kumaliza. Mwaka 1973 farasi hodari kutoka Australia, jina lake Crisp, aliwaacha wenziwe nyuma sana. Lakini Crisp alichukua mzigo wa ratili 168, na Red Rum ratili 145. Katika hatua za mwisho Crisp alianza kuyumba kwa uchovu, na Red Rum akampita karibu kabisa na mwisho. Alitumia dakika 9 na sekunde 1.9, muda mfupi kuliko wote uliopata kuandikwa hata siku ile.

Watu wenye haki walisema kwamba mzigo ndio uliomshinda Crisp, na walisema kweli. Basi mwaka 1974 Red Rum naye alitwikwa ratili 168, akashinda tena. Mwaka 1975 alikuwa wa pili, na mwaka 1976 wa pili vilevile. Wengi walidhani jua lake limekuchwa. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 12, alishinda mara ya tatu kwa kuwaacha wenziwe urefu wa farasi 25. Hapana farasi mwingine aliyepata kushinda mbio ile mara tatu.

Mwaka 1978, siku moja kabla ya mbio, mfupa wa mguu wake ulionekana una ufa, akastaafishwa. Alikufa mwaka 1995, umri wake miaka 30, akazikwa Aintree penye kikomo cha mbio.

Nilipofunga kitabu, nilijiuliza ni nani aliyemponya farasi huyu. Dereva wa teksi hakuwa na uwanja wa majani, na farasi hakuwa na ukwato mzima. Upungufu wa mmoja ulikuwa dawa ya upungufu wa mwingine. Laiti McCain angalikuwa na uwanja mzuri, labda asingalimpeleka farasi baharini.

Nami nilikumbuka kwamba tangu utoto nimeishi hatua chache kutoka bahari, wala sikupata kuogelea, kwa kuwa niliona haya kuvua viatu mbele ya watu. Jumapili iliyofuata nilikwenda. Nilikunywa maji mengi ya chumvi, na watoto walinicheka. Lakini maji yaliponifika kifuani, mguu wangu ulikuwa sawa na mguu wa mtu yeyote. Sasa naogelea kila juma. Nikirudi nchi kavu, nachechemea kama zamani.

Sikuambii, msomaji, kwamba kila kilema hushindwa. Hata mguu wa Red Rum ulidai haki yake mwishoni. Nakuambia hili tu: kabla hujautoa udhuru wako, tazama kilicho karibu na mlango wako, ambacho umekidharau kwa sababu ni cha bure. Mimi nilikuwa na bahari nzima, na nilichelewa miaka thelathini kuiingia.