Ayubu na Vitabu vya Mafanikio

Ukitaka kujua wageni wa Diani wanasoma nini, usiwaulize wao. Waulize wanaotandika vitanda vyao. Mimi nimetandika kwa miaka tisa, na nakuhakikishia mgeni husahau miwani, chaja na vitabu. Vingi ni riwaya za mauaji za Kijerumani ambazo kwetu hazina kazi. Lakini kila msimu havikosi vile vya Kiingereza vya kumfundisha mtu kujiinua: aamke saa ngapi, aweke akiba vipi, awaze nini, amtafute Mungu kwa njia gani. Pale kazini kwetu kitu kilichosahauliwa huandikwa kwenye daftari na kuwekwa miezi mitatu. Mwenyewe asipokiulizia, anapewa aliyekiokota. Ndivyo nilivyopata maktaba yangu, katoni moja chini ya kitanda.

Humo mlikuwa na Napoleon Hill, Think and Grow Rich, cha mwaka 1937. Mlikuwa na Robert Kiyosaki na baba zake wawili, tajiri na maskini, cha 1997. Rick Warren alikuwepo na kile cha 2002 kilichogawanywa sura 40 ili mtu asome siku 40. Na Norman Vincent Peale, mchungaji wa New York, aliyefundisha nguvu ya kuwaza mema. Hicho kilitoka 1952, mwaka uleule ilipotoka Biblia ya Kiswahili ya Union, ile ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Niliviweka pamoja vitabu hivyo viwili bila kufikiria sana.

Hatukuwa wasomaji wa kukaa peke yetu. Tulikuwa wanne: mimi, dada wa mapokezi, mlinzi wa geti ambaye kwao ni Kinango, na mpishi mmoja kijana. Sote Wakristo, wa makanisa tofauti. Alhamisi baada ya zamu tulikutana Ukunda nyuma ya nyumba niliyopanga, chini ya mwembe. Mmoja anasoma kwa Kiingereza, mwingine anatafsiri kwa Kiswahili chake, halafu tunabishana. Sura moja inaweza kula wiki tatu.

Sitaki kuvibeza vitabu hivyo, maana vilitusaidia. Dada wa mapokezi alipata moyo wa kurudi chuo. Mlinzi aliacha kukopa kwa wale watu wa riba ya kila wiki, akaanza kujiwekea kidogokidogo. Mimi mtu wa bara, niliyekuja pwani nikidhani nitakaa mwaka mmoja nikusanye pesa nirudi, nilijifunza kukaa chini na kalamu nikaona pesa yangu inaishia wapi. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayelipwa vizuri Desemba na kubahatisha Mei, mvua inaponyesha na hoteli nusu zimefunga milango.

Mpishi ndiye aliyeviamini kuliko sote. Alikuwa na kadi amebandika kwenye kioo chake cha kunyolea, ameandika malengo na tarehe: nikifika miaka 35 niwe na mkahawa wangu, meza kumi na mbili, samaki wa kupaka. Aliisoma kila asubuhi kwa sauti kama kitabu kilivyoagiza. Na alikuwa hodari kweli. Aliweka akiba, hakunywa, hakuchelewa.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 13 Machi serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya. Tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa. Makanisa na misikiti ikafungwa. Tarehe 8 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Kwale, Mombasa na Kilifi. Sisi tulikuwa tumeshapewa barua za likizo bila malipo, na kila mtu alijua maana ya likizo isiyo na tarehe ya mwisho. Diani nzima ilinyamaza. Kwetu mgeni asipokuja, si hoteli peke yake inayolala njaa. Analala njaa muuza madafu, dereva wa tuktuk, mwenye mashua, mama wa mboga anayewauzia wapishi, na mwenye nyumba anayengoja kodi yao wote.

Kila mtu aliumia, lakini mpishi aliumia kwa namna ya peke yake. Nilipompigia simu aliniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Mimi Januari nilikuwa na hofu. Nilikuwa nawaza, je, kazi ikiisha? Ile hofu ndiyo imeleta haya."

Mwanzoni nilitaka kucheka. Mtu yuko kwenye chumba cha mabati Ukunda, anaamini wasiwasi wake wa Januari ndio uliofunga viwanja vya ndege vya dunia. Lakini hakuwa akitania. Vitabu vilikuwa vimemwambia fikra ni mbegu, kwamba unachovuna ndicho ulichopanda kichwani. Sasa amevuna ukame, anachimba kichwa chake mwenyewe kutafuta mbegu mbaya iko wapi. Juu ya hayo, ndugu wa kanisani alikuwa akimtumia ujumbe kila asubuhi kwamba mwenye imani hapungukiwi. Basi ikawa ana makosa mawili: hakuwaza vizuri, na hakuamini vizuri. Akaacha kupokea simu. Jirani yake akasema hapiki, na mpishi asiyepika anatisha.

Pasaka ya mwaka ule, tarehe 12 Aprili, hatukwenda kanisani. Nilibaki nyumbani na Biblia, na wiki iliyofuata nikaingia kitabu cha Ayubu, nikakisoma chote, sura 42, kwa siku kadhaa. Wengi wetu tunakijua mwanzo na mwisho: alikuwa tajiri, akapoteza, akavumilia, akarudishiwa mara mbili. Katikati tunaruka, maana katikati ni maneno matupu, hotuba juu ya hotuba. Safari hii sikuruka. Nilikuwa namsoma Ayubu huku namfikiria mpishi, na katikati ndiko nilikomkuta.

Ayubu ana marafiki watatu wanaokuja kumfariji, Elifazi, Bildadi na Sofari. Baadaye anaongezeka kijana, Elihu. Hoja yao, ukiikamua, ni moja: dunia ina kanuni, mwema hufanikiwa, mbaya huanguka, kwa hiyo wewe uliyeanguka jichunguze. Si watu wabaya. Wanazungumza kwa upole mwanzoni, wana mifano mizuri, tena mengi wanayosema ungeweza kuyaandika kwenye kadi ukabandika kwenye kioo. Ayubu anakataa. Anasema hajui kosa lake, na hatakiri asilolijua ili wao walale usingizi. Nikaweka kitabu chini. Nilijiambia, hawa si wageni kwangu. Hawa ninao kwenye katoni chini ya kitanda.

Nilikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti barazani, kwa kuwa ndani kuna joto. Mama mwenye nyumba, Mdigo, Bi Mkubwa wa mtaa mzima, alikuwa upande wa pili akichambua mbaazi. Ramadhani ilikuwa imeingia, na tarawehe mwaka ule waliswali majumbani. Akaniuliza, "Huyo unayemsoma ni Nabii Ayubu?"

"Ndiye, Mama."

"Kwenu mnamsoma? Haya, na Rehema mmemweka wapi?"

Sikumjua Rehema. Akanieleza. Rehema ndiye mkewe Ayubu, aliyebaki naye watu wote walipomkimbia kwa ule ugonjwa, akimhudumia na kumtafutia riziki kwa watu. Mpaka siku Mwenyezi Mungu alipomwamuru Ayubu apige mguu chini, chemchemi ikatoka, akaoga na kunywa, akapona. Alizisikia habari hizo utotoni kwa wakubwa zake. Nami nimejua baadaye kwamba pwani hii ina utenzi mzima wa Ayubu, wa zamani. Kwenye Biblia yangu mke yule hana jina, na anasema maneno machache tu, makali, kisha haongei tena. Bi Mkubwa alitikisa kichwa. "Mumemwonea," akasema.

Tulizungumza mpaka karibu na magharibi. Kilichonishangaza ni kwamba sikuhitaji kumtafsiria kitu. Subira, toba, dhambi, rehema, sadaka, imani, dua: maneno ya kitabu changu ndiyo maneno yake ya kila siku. Na hii si bahati. Mmishonari Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji ule. Mwaka huohuo Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga ng'ambo ya Mombasa. Mwaka 1846 akahamia Rabai. Huwa namfikiria kadhi yule, ameketi na mgeni wa dini nyingine, wanatafuta pamoja neno la Kiswahili linalofaa. Sisi Wakristo wa bara tunaokuja Kwale tukijiona wageni, Biblia tunayobeba kwapani ilianza safari yake kwenye lugha ya wenyeji wetu.

Nilimweleza Bi Mkubwa habari za mpishi. Hakutoa hotuba. Jioni ile aliponiletea futari alileta bakuli mbili, mbaazi za nazi na muhogo. "Hii mpelekee mwenzio. Na usimhubirie. Kaa tu."

Kwenye kitabu cha Ayubu kuna jambo moja ambalo marafiki wale walilifanya sawasawa, nalo ni la kwanza kabisa. Walipomwona walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua midomo. Basi nilikwenda, nikakaa. Kulikuwa na kafyu, kwa hiyo sikukaa sana. Kesho yake nikarudi na bakuli nyingine. Siku ya tatu alikula yote, akalalamika kwamba muhogo umepungua chumvi. Nilifurahi mno kusikia lalamiko lile.

Siku ya tano akaniuliza mbona natembea na Biblia na siifungui. Nikamwambia nasoma Ayubu. Akasema hiyo anaijua. Nikamwuliza anamjua Bildadi? Akacheka kidogo. Tukaanza sura ya tatu, pale Ayubu anapoilaani siku aliyozaliwa. Alinyamaza, kisha akaniambia nirudie. Sidhani kama aliwahi kujua kwamba mtu anaruhusiwa kusema hivyo mbele za Mungu na bado akaitwa mtumishi wake.

Alikimaliza peke yake, kabla mipaka ya Kwale haijafunguliwa mwezi wa Juni. Alipofika sura ya mwisho, pale Mungu anapowaambia wale marafiki kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, alinipigia simu usiku. "Kumbe kuna mambo hayakunihusu mimi," akasema. Ni hayo tu. Lakini alikuwa na swali. Ayubu alirudishiwa ng'ombe na kondoo mara mbili, akapata watoto wengine kumi. Je, wale kumi wa kwanza? Sikuwa na jibu, nikalipeleka barazani. Bi Mkubwa alizika watoto wawili ujanani. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mtoto hafidiwi, mwanangu. Alipewa wengine, akawapenda. Wale alibaki akiwalilia."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya sura ile, ya kwamba mara mbili yako iko njiani. Sijasikia yaliyo bora kuliko hayo ya mbaazi.

Ndege za kimataifa zilirudi tarehe 1 Agosti. Hoteli iliita baadhi yetu, mimi nikiwemo. Mpishi hakuitwa. Alianza kukaanga viazi karai karibu na stendi ya Ukunda, sufuria moja, kisha mbili. Hana meza kumi na mbili. Kadi bado iko kwenye kioo, nimeiona, ila tarehe amezifuta. Kuamka mapema hakuacha, wala kuweka akiba, na anasema hayo alifundishwa na Kiyosaki na hamnyimi shukrani. Alichokiacha ni kujishitaki.

Mimi bado naviokota vitabu. Nimepunguza haraka tu. Kitabu kikiniahidi kitu nakiuliza kwanza: ahadi hii isipotimia, utamlaumu nani? Vingine hujibu ukurasa wa kumi tu kwamba mwenye kosa ni msomaji. Hivyo navisoma kama mtu anayenunua samaki jioni, nachagua kilicho kizima na kingine nakiacha. Pia najaribu kusoma kwa sauti, tena mahali jirani anaweza kusikia na kuingilia. Peke yangu ningemmaliza Ayubu bila kumjua Rehema.

Alhamisi bado tunakutana. Mlinzi alihamia Msambweni, anakuja akipata nauli. Sasa tunasoma Mhubiri, sura 12 tu, na tuko ya tatu tangu mwezi jana. Bi Mkubwa hutuletea chai, husimama kidogo kusikiliza, halafu hutuambia tulipokosea.