Nusura nimuue mama kwa kidonge kimoja!

Msomaji wangu, wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya harusi. Naungama. Nusura nimuue mama yangu mzazi, tena kwa hela yangu mwenyewe.

Mama anakaa Kongwa, mimi nipo Dodoma mjini, Nkuhungu. Si unajua tena sisi vijana tulioondoka nyumbani, mapenzi kwa wazazi tunayatuma kwa basi. Leo sukari, kesho kitenge, mwisho wa mwezi dawa. Mama ana presha mwaka wa sita huu na mnunuzi mkuu wa vidonge vyake ni mimi. Alikuwa anameza viwili kila asubuhi: losatani ya miligramu 50 na kile cha kukojoza, hidroklorothiazaidi ya 25. Jina refu kama treni ya mizigo. Mwenyewe anakiita "cha chooni".

Mwezi wa 10 mwaka jana akaja mjini kliniki. Wakapima, 172 kwa 98. Daktari akabadilisha: akaandika kidonge kimoja chenye dawa zote mbili ndani, losatani 100 na ile ya kukojoza 25. Mimi wakati huo nipo nje, simu sikioni, nabishana na mshikaji wangu mambo ya Simba na Yanga. Mama akatoka na karatasi, nikampandisha gari arudi. Famasi ya kwanza hawana, ya pili hawana, kesho yake nikapata. Nikafunga kwenye mfuko, nikampa konda wa kosta, nikapiga simu.

"Mama, dawa mpya hiyo inakuja. Kimoja asubuhi."

"Haya mwanangu, Mungu akubariki."

Basi. Nikaenda zangu Chako ni Chako kula kuku.

Sikusema "acha zile za zamani". Maneno manne tu hayo, msomaji wangu.

Mama ni mtu mwenye heshima na dawa. Yeye akaelewa nimemwongezea. Kwa hiyo kila asubuhi vidonge vitatu. Fanya hesabu mwenyewe: losatani 150, ya kukojoza 50, mwanamke wa miaka 63, jua la mwezi wa 10 kabla mvua hazijagusa ardhi, na maji ya kunywa anayabania maana choo kiko mbali. Siku ya tano akainama kuokota kuni. Alipoinuka, dunia ikazunguka.

Jirani alinipigia saa 3 asubuhi. Hakusema hata "mbukwa". "Mama yako kaanguka, kapasuka juu ya jicho, hajibu vizuri."

Nakwambia, kutoka Dodoma hadi pale Mbande tunapokata kuingia Kongwa sikumbuki nilipita wapi. Nilimkuta kituo cha afya, dripu mkononi, presha 84 kwa 50. Muuguzi akaniuliza, "Anatumia dawa gani?" Nikajibu, "Za presha." Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake akasema "mwanaume".

Mwenye akili alikuwa jirani, alibeba mfuko mzima wa dawa. Yule dada akamwaga maboksi mezani, akaweka kidole kwenye maandishi madogo yaliyo chini ya jina kubwa. Losatani hapa. Losatani na pale. Jina kubwa, akasema, ni la biashara, kila kiwanda na lake. Jina dogo ndiyo dawa yenyewe. Na ukiona herufi H imening'inia mwishoni mwa jina, mara nyingi ujue ile ya kukojoza imo humo humo. Ni mseto, kama dawa mseto ya malaria tuliyoizoea tangu mwaka 2006. Sasa wewe ukishapika mseto wa choroko, utaweka tena bakuli la choroko pembeni?

Mseto wenyewe hauna ubaya, jamani, nisije nikaeleweka vibaya. Dawa moja inalegeza mishipa, nyingine inapunguza chumvi na maji, na kumeza kimoja ni rahisi kuliko viwili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge vya presha vya namna hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Ubaya ulikuwa wangu mimi na konda wangu.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kitu kingine: diklofenaki, za mgongo. Muuguzi akamuuliza mama nani kampa. Mama, na plasta yake usoni, akaninyooshea kidole. "Aliniletea Pasaka." Kumbe hizo, na ndugu yake aibuprofeni, zikikutana na losatani na ya kukojoza, figo zinabebeshwa mzigo ambao zinaweza kuutua chini. Na presha yenyewe zinaipandisha! Akiumwa mgongo aulize kwanza kituoni. Mara nyingi ataambiwa parasetamoli. Akiharisha au kutapika, awahi kuuliza kama asimamishe kidonge kwa muda, maana mwili ukikauka ndiyo yanakuja ya kuni. Na damu ipimwe mara mojamoja, figo na potasiamu.

Dada zangu mnaoazimana vidonge ofisini kwa sababu "wote tuna presha", losatani haitakiwi kabisa kwa mwenye mimba, inamdhuru mtoto tumboni. Kama una mpango wa mtoto, mwambie daktari mapema akubadilishie.

Mama alipona. Ila akagoma. "Dawa zako kaa nazo." Wiki 3 hakumeza kitu, na mimi nilikosa mdomo wa kumlaumu. Walipompima tena ilikuwa 186. Muuguzi akamwambia bila kupepesa: ikishuka mno utaanguka uinuke, ukiiachia juu itakulaza upande mmoja. Mama akakubali kwa masharti yake: dawa nilete mwenyewe, nisome boksi mbele yake kwa sauti, na za zamani zirudishwe kituoni, zisikae ndani.

Jumapili iliyopita kanipigia. Safari hii famasi walinipa boksi la rangi nyingine na jina kubwa jingine, na mwenyewe nilikuwa nimempelekea na kumsomea. Lakini hakuridhika.

"Nasoma tena, usikate." Mama aliishia darasa la nne. Alisoma herufi moja moja, lo, sa, mpaka mwisho, na miligramu zake. "Ni ile ile?"

"Ni ile ile, mama."

"Na lile boksi la kwanza limeisha, nimeshalitupa." Akanyamaza kidogo. "Na wewe presha yako umepima lini?"

Nikageuza stori, nikamuuliza kuku wanaendeleaje.